Jirani Aliyefiwa: Kazi Huanza Tanga Likishaanuliwa

Siku tatu za mwanzo msiba haukosi watu. Turubai limefungwa, jumuiya imekuja na kwaya yake, kina mama wako jikoni, daftari la rambirambi linazunguka. Siku ya nne viti vya kukodi vinarudishwa, ndugu wanapanda mabasi, na mfiwa anabaki na masufuria asiyoyajua wenyewe pamoja na watoto wanaouliza watakula nini. Mkristo anayetaka imani yake ionekane mtaani ana nafasi hapo, tangu wiki ya pili hadi mwezi wa pili. Msamaria wa Luka 10 hakuishia kufunga majeraha. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Mafuta na divai tunavihubiri sana, kurudi kwake tunakuruka.

Anza na kalenda. Weka kwenye simu siku ya 10, ya 21 na ya 40 tangu mazishi, kisha Krismasi au Pasaka inayofuata, na wiki ya kufungua shule. Gawaneni kazi watu watatu au wanne wa jumuiya, kila mtu na siku yake. Mkiwa kumi kila mmoja atadhani mwenzake ameshakwenda.

Maneno "ukihitaji chochote niambie" yaache. Mfiwa hataomba, anaona haya, na mara nyingi hata hajui anachohitaji. Uliza swali lenye kazi ndani yake: "Mama Neema, kesho nikuletee maji au nichukue nguo za shule za watoto nikazifue?" Kuchagua kati ya mambo mawili hakumchoshi.

Chakula ndicho wengi hukimbilia, na ndicho huharibika. Maharage makavu kilo 1 hutoa sahani 8 hadi 10. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha mpaka yaive kabisa, kisha unga kwa kitunguu, nyanya na mafuta. Nazi usitie: kwenye joto huchacha upesi, na nyumba yenye huzuni hula kidogo kidogo. Waambie kinachobaki wakichemshe tena mpaka kitokote kabla ya kula. Ugali usipeleke uliosongwa, maana ukipoa hauliki. Peleka unga kilo 2. Fika saa kumi na moja jioni, kabla hawajawasha jiko. Ukifika saa mbili usiku utakuta wameshapika, au watoto wamelala na njaa. Chombo kiandikwe jina lako kwenye plasta chini ya kitako, na usikifuate. Kumtafutia kila mtu hotpoti yake ni adha ambayo mjane hastahili.

Maji: familia ya watu watano inayobana matumizi humaliza kama ndoo 5 za lita 20 kwa siku. Huwezi kuzibeba zote kila siku, kwa hiyo usiahidi. Ndoo 2 kila Jumatano na Jumamosi bila kukosa zina faida kuliko 10 za siku moja.

Umeme ni msaada mzuri kwa sababu hauna kelele. Mwombe mtoto mkubwa akusomee namba ya mita ya LUKU, yenye tarakimu 11. Irudie mbele yake kabla ya kulipa. Ukikosea tarakimu moja, unaweza kumwashia taa mtu usiyemjua. Tokeni ya tarakimu 20 itaingia kwenye simu yako, si yake, basi itume papo hapo na uhakikishe imeingizwa. Wapo wanaonunua, wakasahau kutuma, na jirani akalala gizani huku wao wanamshukuru Mungu kwa kutoa.

Kisha kuna karatasi. Kwa Tanzania, kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30, na bila cheti cha kifo mirathi, akaunti ya benki na mafao ya kazini hukwama. Toa nusu siku umsindikize ofisini. Beba kalamu na bahasha ngumu, na nakala ya cheti aiache nyumbani. Kazi yako ni kushika foleni. Mambo ya urithi usiyatolee maoni, hata ukiulizwa na shemeji zake.

Mwanamume asimtembelee mjane peke yake, hasa jioni. Aende na mkewe au mwenzake wa jumuiya, wakae barazani. Nia inaweza kuwa safi kabisa, lakini midomo ya mtaa itamwumiza mjane.

Jirani akiwa Mwislamu, mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue kama ni mjamzito. Hatoki ovyo, kwa hiyo anachohitaji zaidi ni mtu wa kutumwa sokoni na dukani. Mwendee mwanamke mwenzake. Badala ya nyama peleka mchele, sukari au matunda, asipate shaka juu ya kuchinja wala sufuria. Ukitaka kumwombea, omba ukiwa kwako. Msaada unaofuatwa na mwaliko wa ibada huonekana kama chambo, naye ataanza kukukwepa.

Picha usipige, wala usiitaje huduma hii kwenye kundi la jumuiya la WhatsApp. Tofauti na rambirambi, haiandikwi popote.

Punguza polepole kuanzia mwezi wa tatu: ndoo mara moja kwa wiki, kisha salamu za mlangoni. Hotpoti ikirudi na maembe mawili ndani, pokea. Usiseme "jamani, ungewaachia watoto." Ameanza tena kuwa jirani anayetoa, na maembe hayo yaliwe mbele yake kama atakaa.