Biichi ya porini: toka kuichimba mpaka iwe bonsai

Hii ya kugeuza mti wa biichi uwe bonsai, yaani mti mdogo unaotunzwa chunguni, ni kwa nyie mlioko Uingereza, Ujerumani na huko huko Ulaya ambako biichi inajiotea tu msituni. Walioko Dar na Mombasa msijisumbue na huu mti, unataka baridi ya kweli ili ulale, nyie hangaikeni na mkwaju au mkuyu mtafurahi zaidi.

Cha kwanza kabisa elewa kwamba biichi (Fagus sylvatica) kwa kawaida inachipua mara moja tu kwa mwaka, ikishatoa majani yake mwezi wa nne wa tano imemaliza, basi. Kwa hiyo ukiharibu kitu leo unasubiri mwaka mzima kurekebisha, na ndo maana watu wengi wanaiua, yaani wikiendi moja mtu kachimba, kakata, kafunga waya na kashaiweka kwenye kachungu ka bonsai ili apige picha. Usifanye hivyo.

Ruhusa sasa. Uingereza kuna sheria ya 1981 ya wanyamapori na mashamba, kung'oa mmea wowote wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa, na kwingine Ulaya pia usidhani msitu hauna mwenyewe. Ongea na mwenye shamba, wengi wana vimiti pembeni ya uzio hawavitaki. Vizuri zaidi ni vile vilivyotafunwa na kondoo au paa miaka na miaka, vinakuwa vifupi shina nene, kazi nusu umeshafanyiwa.

Kuitambua wakati wa baridi ni rahisi, majani makavu ya kahawia mara nyingi yanang'ang'ania matawini, hasa kwenye miti midogo, na macho yake (vile vitumba ambamo majani hutokea) ni marefu, membamba, yamechongoka na yanatokeza nje ya tawi. Ukiona macho yamelala yameshikana na kijiti hiyo ni Carpinus, mti mwingine huo, nao mzuri tu lakini siyo huu. Angalia pia shina linavyoingia ardhini, fukua kidogo kwa mkono uone kama mizizi imetawanyika pande zote, maana matawi utayatengeneza ila shina bovu utabaki nalo.

Chimba mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Machi, macho kabla hayajaanza kuvimba. Zungushia chepe mbali na shina, mizizi minene ya chini ikate kwa msumeno, ile myembamba kama nywele iache mingi kadri utakavyoweza na usiioshe udongo wote, kuna fangasi humo wanaousaidia mti. Funga bonge lote kwa gunia lililoloa, nyumbani liingie moja kwa moja kwenye boksi la mbao lenye matundu chini, na udongo wa chengachenga unaopitisha maji, akadama (udongo wa mfinyanzi wa chengachenga kutoka Japani) au mawe mepesi yenye vitundu changanya na mboji kidogo. Ufunge mti na boksi kwa waya usiyumbe, ukiyumba vimizizi vipya vinakatika. Uweke pasipo na upepo, jua la mchana lisiuchome, maji yasikauke lakini yasituame pia.

Halafu uache! Miaka miwili hukati kitu, uache uchipue unavyotaka. Ukishaona vichipukizi virefu vyenye nguvu ndo unafikiria kukata shina, tena mwisho wa baridi, na ukate juu ya tawi hai au jicho unaloliona kwa macho yako, kwa sababu biichi haina uhakika wa kutoa macho mapya kwenye shina au tawi la zamani lisilo na jicho lolote. Acha kisiki cha sentimita chache, utakisafisha baadaye, paka dawa ya kuziba kidonda. Gome lake la kijivu ni jembamba na kovu linakaa miaka, kwa hiyo waya wa kuyapinda matawi nao uukague kila wiki kipindi cha kukua, ukianza kuzama tu kata vipande vipande, usiukunjue.

Kazi yenyewe ni kilele. Biichi inapeleka nguvu zote juu na ncha za nje, matawi ya ndani yanadhoofika mpaka yanakufa. Tawi unalotaka linenepe liache lirefuke. Ila kwenye matawi yaliyokwisha kaa sawa, jicho likifunguka subiri majani mawili yakunjuke, pale katikati kuna kincha laini bado kimejikunja kina manyoya meupe, kikwanyue kwa kibano au kucha. Macho hayafunguki siku moja kwa hiyo asubuhi unapita, kesho tena, wiki kadhaa hivyo hivyo, na vichipukizi dhaifu vya ndani usiviguse kabisa. Mwezi wa sita majani makubwa ya juu yakate nusu ili mwanga uingie ndani, lakini kuunyonyoa mti majani yote hapana, huu siyo mkuyu.

Chini ya majani machanga ukikuta pamba pamba nyeupe inanata hao ni wadudu mafuta, waoshe kwa maji ya presha na sabuni kidogo. Chungu cha bonsai kinakuja mwisho, matawi makuu yakishakaa, na hapo napo ni mwisho wa baridi tu.