Granuloma ya uso: usisaini ripoti mbele hauyaona Fite (rangi ya kutafuta bakteria ya ukoma)

Bastajeri wangu (wanafunzi wa mazoezi) wa hapa Bukavu muliniuliza vile ya kutambua ku mikroskopu granuloma ya uso, kale kauvimbe kekundu-kahawia ka ku uso, kasikouma, kanakaa miaka. Njo nawaandikia vile mimi nafanyaka.

Kwanza kipande cha ngozi kilichokatwa ku mgonjwa. Kikae kwenye formalini 10% siku nzima, kisha kwenye parafini (nta) kisimame, kikilala epidermi, tabaka ya juu ya ngozi, hautaiona vizuri. Kata mikroni 4, rangi ya kawaida, hematoksilini na eozini.

Pili, anza na lensi ya 4, tafadhali, musikimbilie ya 40! Chini ya epidermi tafuta utepe mwembamba wa kolajeni safi (nyuzi za ngozi), hauna selo (chembe hai). Banauitaka Grenz, kwa Kijerumani ni mpaka, na kweli iko kama ku mto Ruzizi siku mpaka na Rwanda inafungwa, watu bamejaa ng'ambo na ku daraja hakuna mtu.

Tatu, sasa panda 40. Kule chini kuna mchanganyiko wa selo za kinga: limfositi, plazmositi, neutrofili, na eozinofili zenye punje nyekundu-machungwa, mara nyingi nyingi sana. Angalia na kavumbi ka nyuklia zilizovunjika karibu na mishipa midogo ya damu, kwa sababu ugonjwa wenyewe ni wa mishipa. Granuloma ya kweli (fundo la makrofaji, selo zinazomeza vijidudu) hautaipata mule, jina linadanganya tu. Ukiona rangi ya kahawia, hiyo ni chuma ya damu ya zamani.

Nne, na hapa njo nilianguka mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza niliona Grenz, nikafurahi, nikaandika granuloma ya uso, na mkubwa wangu akaniuliza tu, "Na Fite iko wapi?" Ukoma wenye bakteria nyingi nao unaachaka Grenz ile ile! Nikarudilia na rangi ya Fite, nikaweka mafuta ku kioo na lensi ya 100, na ndani ya makrofaji zenye povu vijiti vyekundu vilikuwa vimefungana kama kiberiti kwenye boksi. Ziehl ya kawaida (rangi ya kutafuta bakteria ya kifua kikuu) isiwatoshe, bakteria ya ukoma inapoteza rangi haraka kwenye asidi, Fite inatumiaka mafuta kwa kulinda ngozi yake ya nta.

Kwa hiyo povu nyingi na eozinofili kidogo, shuku ukoma. Eozinofili nyingi, vumbi la nyuklia, Fite safi bila vijiti vyekundu, saini. Kipande kikiwa kadogo kama punje ya mchele, mwambie dokta alete kingine, bila haya.