Mzee anaposimama njiani kila mara: jinsi ya kukagua mishipa ya damu ya miguu

Mzee akienda dukani akasimama katikati ya njia, akashika shavu la mguu, kisha baada ya dakika chache akaendelea, huambiwa ni uzee au baridi yabisi. Tafadhali msiishie hapo. Maumivu yanayokuja kila afikapo umbali uleule, na kuachia ndani ya dakika 10 hivi akisimama tu, mara nyingi ni ya ateri za mguu zilizoanza kuziba kwa mafuta. Goti huuma tangu anapoinuka kitini. Mgongo huachia akikaa au akiinama.

Uliza kwanza vihatarishi. Aliyefikisha miaka 65 anastahili kupimwa hata bila kingine. Mwenye kisukari au aliyevuta sigara, kuanzia miaka 50. Hivyo viwili ndivyo vizito kuliko vyote. Usiulize tu kama anavuta sasa, uliza pia alivuta miaka mingapi, maana athari haziondoki siku anapoacha. Kisha presha, lehemu, figo, na kama amewahi kupata kiharusi au shida ya moyo. Mwenye kisukari akaguliwe hata asipolalamika: ganzi ya miguu humficha maumivu.

Sasa miguu yenyewe. Avue soksi, alale chali dakika 10 chumba kisipokuwa na baridi. Kwa mgongo wa kiganja chako linganisha joto la mguu mmoja na mwingine. Mwambie ainue kidole gumba cha mguu. Kano itajitokeza juu ya mguu. Sogeza vidole vyako viwili, cha shahada na cha kati, pembeni kidogo ya kano hiyo kuelekea vidole vidogo, utafute mdundo. Usitumie gumba lako, kwa kuwa lina mdundo wake. Gusa taratibu, ukikandamiza unauzima. Kisha tafuta nyuma ya kifundo, upande wa ndani. Baadhi ya watu hawana ule wa juu tangu kuzaliwa, basi usiamue kwa sehemu moja.

Inua miguu yote miwili kwa dakika moja. Kwa ngozi nyeusi tazama nyayo, si juu ya mguu. Unyayo ukipauka, kisha akiketi na kuning'iniza miguu ukaiva wekundu wa kukolea, damu haifiki vizuri. Chungulia katikati ya vidole na kisigino. Kidonda kwenye mguu wa namna hiyo, au wa mwenye kisukari, kionwe hospitali mapema, hata kama ni kidogo na hakiumi.

Huko omba presha ya kifundo ilinganishwe na ya mkono kwa kifaa cha dopla, kinachosikiliza mtiririko wa damu. Namba ya juu ya presha ya kifundo hugawanywa kwa ile ya mkono: kifundo 105, mkono 150, jibu ni 0.70. Kuanzia 0.90 kushuka ni ugonjwa, 1.00 hadi 1.40 ni kawaida. Ikizidi 1.40 msifurahi: ateri zimekakamaa, jambo la kawaida kwa wenye kisukari au figo, na kidole gumba cha mguu ndicho kipimwe.

Nyumbani, kosa baya kuliko yote ni kukanda mguu wa baridi kwa maji ya moto. Mwenye ganzi huungua bila kujua, na kidonda hicho hakina damu ya kukiponya. Soksi za kubana zisivaliwe kabla ya kipimo. Wala asikae kitini siku nzima: kama hana kidonda wala maumivu ya usiku, atembee hadi mguu uume kiasi, apumzike, aendelee, jumla dakika 30 hadi 45, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12 au zaidi. Mishipa midogo ya pembeni hupanuka na misuli huzoea kutumia damu iliyopo.

Mguu ukiuma ghafla, ukawa baridi, ukapauka na kufa ganzi, au vidole vikagoma kusogea, msisubiri asubuhi. Katika muda wa saa 6 hivi misuli huanza kufa.