Somo: Kuchagua na kutumia hostingi kwa biashara ndogo za Unguja na Pemba

Somo hili ni la mwenye nyumba ya wageni Jambiani, mwenye duka la viungo Darajani, kina mama wa sabuni za mwani Paje, muuza asali wa Pemba, na yeyote mwenye biashara ndogo anayetaka tovuti yake ikae hewani mwaka mzima. Naliandika kwa sababu inaniuma kuona biashara nzuri inapoteza jina lake la mtandaoni kwa jambo ambalo lingezuilika siku ya kwanza.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo wengi huuziwa kwa pamoja wakadhani ni kimoja. Kuna kikoa, yaani ile anwani inayoishia na .co.tz au .com. Kuna hostingi, yaani nafasi unayoilipia kwenye seva (kompyuta inayokaa imewashwa na kuunganishwa na intaneti muda wote) ili mafaili yako yakae humo. Na kuna tovuti yenyewe: maandishi, picha na programu inayoiendesha, mara nyingi WordPress. Hostingi ni kama fremu ya kukodi, ikivuja unahamisha bidhaa zako. Kikoa ndicho kilichoandikwa kwenye bango, kwenye kadi na kwenye vichwa vya wateja. Ukikipoteza hicho, unaanza biashara upya.

HATUA YA 1: Andikisha kikoa kwa jina lako mwenyewe

Vikoa vya .tz viko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na unaviandikisha kupitia kampuni zilizopewa idhini. Biashara nyingi huchukua .co.tz. Hoteli na nyumba za wageni zina .hotel.tz yao. Wanaolenga wageni wa nje hupenda .com, ambayo kwa kawaida ni baina ya dola 10 na 20 kwa mwaka. Ushauri wangu: chukua .co.tz, na mfuko ukiruhusu chukua na .com ya jina hilo hilo ili asije mwengine akafanya biashara kwa jina lako. Jina lilingane na lile uliloandikisha BPRA (wakala wa usajili wa biashara Zanzibar), liwe fupi, na mtu alisikie mara moja kwa simu aweze kuliandika.

Hapa ndipo pa kutuliza akili kuliko pahala pengine popote katika somo hili. Fomu itauliza jina la mmiliki, simu na barua pepe. Andika jina lako au la biashara, na barua pepe ambayo wewe mwenyewe una nywila yake. Isiwe ya fundi, wala ya mpwa wako aliyeko chuoni, hata kama ndiye anayekufanyia kazi yote. Fundi mpe ruhusa ya kuingia kazini, umiliki ubaki kwako. Anayeonekana kuwa mmiliki ndiye anayetumiwa taarifa za kulipia na ndiye anayeweza kukihamisha kikoa. Siku mkikosana, au akisafiri, au akifariki, hakuna ushahidi wa mdomo utakaokusaidia kwa haraka.

Na barua pepe hiyo isiwe ya kikoa hicho hicho. Kikoa kikiisha muda, barua pepe zake nazo zinakatika, na onyo la mwisho linatumwa kwenye sanduku lisilofunguka. Tumia Gmail au nyengine iliyo nje ya kikoa, kisha washa uthibitisho wa hatua mbili.

HATUA YA 2: Jua ukubwa wa mahitaji yako

Tovuti ya kurasa tano hadi kumi, yenye picha za vyumba, bei, ramani na fomu ya kuulizia nafasi, inatosha kabisa kwenye hostingi ya kushirikiana, ile ambayo seva moja inabeba tovuti za wateja wengi. GB 5 ni nyingi. Akikwambia mtu ununue VPS, yaani seva ya kukodi unayoiendesha mwenyewe, kwa duka la kanga, muulize nani ataitunza kila wiki, maana VPS inakuja tupu na usalama wake ni juu yako.

Kinachoelemea tovuti zetu ni picha. Picha moja ya simu ya kisasa huwa na MB 4 hivi. Weka 12 kwenye ukurasa wa mwanzo, mteja anashusha MB 48 kabla hajaona bei ya chumba, na bando lake linalia. Zipunguze kwanza hadi upana wa pikseli 1600, uzihifadhi kwa JPEG au WebP, na kila moja itashuka mpaka karibu KB 200. Picha zile zile 12 sasa ni MB 2 na kitu. Watu hulalamika "hostingi yetu ni nzito", wakabadilisha kampuni, wakahama na picha zile zile.

HATUA YA 3: Soma bei mpaka chini

Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa za rangi ni ya mwaka wa kwanza. Tafuta maandishi madogo yanayosema bei ya kulipia tena, maana mara nyingi huruka mara mbili au zaidi. Piga hesabu ya miaka mitatu, ndipo ulinganishe kampuni na kampuni.

Ukiona ahadi ya kuwa hewani kwa asilimia 99.9, maana yake ni kuwa kampuni imejiruhusu kuzima karibu saa 9 kwa mwaka, na hilo linavumilika. Asilimia 99 inaonekana iko jirani, lakini ni zaidi ya siku 3 na nusu. Nyumba ya wageni ikizimika siku tatu mwezi wa Julai, hiyo ni hasara ya msimu.

Kabla ya kulipa, waandikie suali usiku wa Jumamosi. Uliza kitu mahsusi, kwa mfano kuhusu bakapu, yaani nakala za akiba za tovuti: "Bakapu mnachukua kila baada ya muda gani, na mimi naweza kuishusha mwenyewe?" Wakijibu kwa maneno yanayoeleweka ndani ya saa chache, hao wanafaa. Wakikujibu Jumatatu kwa kukutumia orodha ya bei, tafuta wengine. Uliza pia kama wanapokea malipo ya simu. Kadi ya benki ikiisha muda wake bila ya wewe kujua, malipo yanagoma kimya kimya.

HATUA YA 4: Unganisha

Kikoa na hostingi vinaunganishwa kwenye jedwali la DNS, ile orodha inayosema kila huduma ya kikoa iko wapi. Mistari miwili uielewe hata kama kazi anafanya fundi: A inaelekeza tovuti iko seva gani, na MX inaelekeza barua pepe ziende wapi. Nyumba moja ya wageni ilihamia hostingi mpya, tovuti ikafunguka vizuri, kila mtu akafurahi. Hakuna aliyenakili mistari ya MX. Maombi ya nafasi kutoka kwa mawakala yalikuwa hayafiki, na walikuja kugundua pale wakala alipopiga simu kuuliza kwa nini hajibiwi. Kabla ya kubadili chochote, piga picha ya jedwali zima la DNS na uihifadhi.

Cheti cha SSL, kile kinachofanya anwani ianze na https, usikilipie. Let's Encrypt wanakitoa bure, na kampuni nzuri hukiweka na kukifufua chenyewe. Hostingi inayotoza pesa za ziada kwa cheti cha kawaida nisingeichukua.

HATUA YA 5: Bakapu iwe mkononi mwako

Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Ni kampuni kubwa sana Ulaya, na bado wako wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu nakala zao za akiba zilikuwa pahala pamoja na tovuti zenyewe. Bakapu iliyo ndani ya seva ile ile si bakapu.

Mara moja kwa mwezi, ingia cPanel au paneli yoyote ya kusimamia hostingi uliyopewa, shusha mafaili yote pamoja na hifadhidata, uweke kwenye kompyuta na nakala nyengine kwenye Google Drive. Mafaili bila ya hifadhidata hayakusaidii: kwenye WordPress, maandishi yako yote yamo ndani ya hifadhidata. Angalau mara moja kwa mwaka mwambie fundi aifufue bakapu hiyo pahala pa majaribio mbele ya macho yako.

HATUA YA 6: Kalenda

Andika tarehe ya kuisha kikoa na tarehe ya kuisha hostingi kwenye simu ya watu wawili, ikumbushe mwezi mmoja kabla. Kazi za kuhama na kubadilisha muonekano zipange wakati wa masika, Aprili au Mei, wageni wakiwa wachache.

MASUALI YA WANACHAMA

Suali (Wete): Assalaam alaykum maalim. Seva iwe Dar au Ulaya? Kila fundi ananiambia lake.

Jibu: Waalaykum salaam ndugu yangu. Anza na mteja wako yuko wapi. Asali yako inanunuliwa na watu wa Chake, Unguja na Dar, basi seva ya Dar itafunguka upesi zaidi. Mwenye nyumba ya wageni anayetafutwa na Wajerumani na Wataliano, seva ya Ulaya inamfaa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, sote tuliona intaneti ilivyosuasua. Siku kama ile, tovuti iliyo Ulaya mgeni wa Ulaya anaifungua kama kawaida huku mwenyewe wa hapa anahangaika, na iliyo Dar mambo ni kinyume chake.

Suali (Paje): Sisi ni kikundi cha kina mama. Instagram inatuletea wateja. Tovuti ya nini?

Jibu: Dada zangu, Instagram msiiache. Lakini akaunti ile si mali yenu: ikidukuliwa au ikifungwa, wateja wote wanapotea siku moja. Kwa kuanzia chukueni kikoa tu, kiandikishwe kwa jina la kikundi na si la katibu, mkielekeze kwenye ukurasa wenu wa Instagram. Pesa za hostingi zikipatikana, tovuti inakuja chini ya jina lile lile ambalo tayari limebandikwa kwenye sabuni.

Suali (Mjini Magharibi): Kwa nini nisiweke seva yangu ofisini nikaepuka kulipa kila mwaka?

Jibu: Kaka, wanaokumbuka Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua Unguja ilivyokaa karibu miezi mitatu bila ya umeme wa gridi baada ya njia ya waya wa chini ya bahari kuharibika. Hata bila ya janga la namna ile, utahitaji umeme wa akiba, kiyoyozi, intaneti isiyokatika na mtu wa kuiamkia usiku. Hostingi ya mwaka ni rahisi kuliko mafuta ya jenereta.

Suali (Chake Chake): Shikamoo maalim. Fundi aliyetutengenezea hapokei simu, na kikoa kipo kwa jina lake. Kinaisha baada ya miezi miwili.

Jibu: Marahaba mwanangu. Usingoje miezi hiyo iishe. Leo hii shusha kurasa na picha zote unazoweza kuzifikia. Kisha angalia kwenye WHOIS, daftari la wazi la vikoa mtandaoni, kikoa kimeandikishwa kupitia kampuni gani, uwaandikie ukiambatanisha cheti chako cha BPRA, risiti ulizomlipa fundi, na mawasiliano yenu yanayoonesha kikoa kilinunuliwa kwa ajili ya biashara yako. Muulize kwa heshima fundi mwenyewe pia, kupitia jamaa zake, akupe msimbo wa kuhamisha: wengi hawana nia mbaya, wamebadilisha kazi tu. Mkipatana, omba kwanza abadilishe jina la mmiliki na barua pepe palepale kilipo, na kulipia ulipie wewe. Kuhama kampuni kunaweza kusubiri. Kikiwa ni .com, kubadilisha mmiliki kunaweza kukifunga kisihamishike kwa siku 60, hivyo lipia mwaka mzima mapema ili kisikuishie katikati ya safari.