Redio ya gari inalia wiiii ukikanyaga mafuta? Soma hapa kabla hujanunua waya

Umefunga amplifaya na sabufa, umewasha gari, mziki unapiga fresh kabisa, halafu unakanyaga mafuta unasikia wiiiii kwenye spika, ukiachia inashuka, ukikanyaga inapanda tena. Hiyo ni alteneta inaimba humo ndani. Na mtu wa kwanza utakayemwambia atakujibu badilisha waya za RCA, yaani zile zinazopeleka sauti kutoka kwenye redio mpaka kwenye amplifaya, weka orijino. Mimi niliambiwa hivyohivyo nikaenda Kariakoo nikatoa elfu 45 kwa waya mnene wenye vichwa vya dhahabu, nimefika nyumbani nimefunga, wiiii iko palepale. Kumbe ethi ya amplifaya, yaani ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, fundi aliubana kwenye bolti juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme vizuri.

Kwa hiyo waya unanunua baada ya kujua kelele inaingilia wapi, na kujua wala sio kazi. Kwanza sikiliza ni kelele gani. Ikifuata mwendo wa injini ni alteneta, ikiwa tik tik tik inayokimbia na injini angalia upande wa plagi na koili, ikiwa shhhh tu muda wote hata gari imezimwa hapo mara nyingi umefungua sana geini ya amplifaya, yaani kile kitufe cha kukuza sauti inayoingia, rudisha nyuma na upandishe sauti kwenye redio yenyewe. Zima kila kitu, chomoa RCA kwenye amplifaya, washa tena uwashe na injini. Kelele bado ipo? Basi RCA haihusiki, tafuta kwenye ethi na waya wa umeme wa amplifaya. Imekata? Zima, tafuta ule waya wa kuunganisha simu na RCA, chomeka simu moja kwa moja kwenye amplifaya (simu isiwe kwenye chaji!) uwashe injini ucheze mziki. Wiiii isiposikika, tatizo liko kwenye redio au kwenye waya unaotoka kule mbele.

Hapo sasa fanya jaribio ninalolipenda kuliko yote maana ni la bure: chukua RCA yoyote, hata ya kuazima, ichomeke kwenye redio na uipitishe juu ya viti mpaka kwenye buti, usifiche chini ya kapeti. Kelele ikiisha ujue waya wako wa zamani ni mbovu au umepita pabaya, na mara nyingi ni hilo la pili. Waya mkubwa wa chanya unaotoka betri ukilala sambamba na RCA mita 3 au 4 unairushia kelele njia nzima. Pitisha umeme upande mmoja wa gari, RCA upande wa pili, chini ya zile plastiki za mlangoni unazokanyaga ukiingia. Angalia pia upande gani una furushi kubwa la waya za gari yenyewe, RCA ikae mbali nalo. Kama lazima zikutane basi zikatane kama msalaba, zisilale pamoja.

Haya, dukani sasa. Muuzaji atakwambia hii ina wavu tabaka 3, yaani ule wavu wa chuma unaozunguka waya kwa ndani, ile ina dhahabu 24. Dhahabu kazi yake ni kuzuia kutu kwenye kichwa, kelele haizuii. Wavu na ile foili vinasaidia, ila kelele inayotoka kwenye waya mkubwa wa umeme inakuja kwa njia ya sumaku na wavu mwembamba hauizuii kivile. Kinachosaidia hapo ni waya zilizosokotwa ndani, zimepindana kama kamba ya katani, sababu kelele inaingia kwenye waya zote 2 karibu sawasawa halafu amplifaya inachukua tofauti yake tu, kwa hiyo kelele inajikata yenyewe. Nyingine unaona msokoto kwa nje kabisa kwenye ganda. Kati ya hiyo ya bei ya kati na ile nene kama bomba la maji, mimi nachukua ya kusokotwa. Kichwa kibane vizuri, kisicheze, lakini pia kisiwe kigumu mpaka ukichomoa kinang'oa tundu la redio. Urefu pima kwanza kwa kamba, gari ndogo kama IST au Vitz mita 5 mara nyingi inatosha mpaka buti, na ikibaki usiizungushe rundo ukaipachika pembeni ya amplifaya.

Waya wa umeme nao una ujanja wake. Nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba, kwangua nyuzi moja kwa kisu ukiona ndani ni nyeupe umeshajua. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 61 tu ya shaba, kwa hiyo ukiichukua panda saizi. Geji ni namba ya unene wa waya, geji 4 halisi ni kama milimita 21 za mraba, na kuna waya zimeandikwa 4 lakini unene wote ni plastiki! Ethi iwe saizi ileile ya chanya, fupi, chini ya nusu mita ikiwezekana, piga msasa mpaka chuma king'ae ndio ufunge. Bolti ya mkanda wa kiti usiiguse. Na fyuzi usisahau, ndani ya sentimita 45 kutoka betri, hiyo sio ya kelele, ni ya gari lisiungue.

Kingine, usichomoe wala kuchomeka RCA wakati mziki umewaka. Kwenye baadhi ya redio ethi ya matundu ya RCA inaungua kwa ndani, ukishafika hapo hata ununue waya wa laki 2 wiiii haitoki. Kuijua, chukua kipande cha waya ugusishe pete ya nje ya RCA na bodi ya redio, kelele ikikata ndio yenyewe, mpelekee fundi wa redio.

Na kama kelele inakuja pale tu unapochaji simu huku umechomeka AUX, yaani ule waya wa kuunganisha simu na redio, hapo usihangaike na waya wowote, chomoa chaji au tumia bluetooth. Kuna vile vidude vya kukata kelele vinawekwa katikati ya AUX, vinafanya kazi kweli, ila vya bei chee vinakula besi, na sabufa umeinunulia nini sasa.