Sauti imekwama na therapisti yuko Nairobi: venye unaweza kutibiwa kwa simu ukiwa Kisumu

Mimi ni mwalimu wa praimari hapa Kisumu, darasa langu lina watoto zaidi ya sabini, paa ni mabati, mvua ikianza kugonga tunabaki kufunzana kwa mikono. Mwaka juzi muhula wa pili sauti ikaanza kwenda. Asubuhi iko sawa, ikifika saa nne imeanza kukwaruza, jioni nikishika simu mtu asiyenijua ananiita mzee na mimi ni mama wa watoto watatu. Nilikunywa tangawizi, asali na ndimu, nikatafuna karafuu, nikaambiwa mayai mabichi nikameza, kliniki fulani ikanipa antibayotiki mara tatu na hakuna hata mtu mmoja aliangalia ndani ya koo. Miezi minne ikaisha hivyo. Kilichonitoa hapo ni tiba ya sauti, na niliifanya yote kwa simu, therapisti akiwa Nairobi na mimi nikiwa kwa bedirumu Nyamasaria. Kwa hivyo naandikia walimu wenzangu, mama wa soko, wahubiri, makanga, wanakwaya, mtu yeyote anayekula kwa sauti yake na amekata tamaa kwa sababu wataalamu ni wachache na wengi wako Nairobi.

Kitu ya kwanza, na hapa nakuomba unisikize sana, usianze na video. Anza na kamera kwa koo. Kama sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu, nne, unahitaji daktari wa ENT, yaani wa masikio, pua na koo, aangalie zile nyuzi za sauti kwa macho, kwa kile kimrija chenye kamera kinapitia puani. Inawasha kidogo, machozi yanatoka, dakika chache imeisha. Sababu ni kwamba sauti ya kukwaruza inaweza kuwa vinundu kwa zile nyuzi, inaweza kuwa asidi inapanda kutoka tumboni, inaweza kuwa TB ya koo ama saratani, na zote kwa simu zinasikika karibu sawa. Hapa Kisumu kuna hospitali ya Jaramogi, ile sisi tunaita Russia, Nakuru kuna hospitali kubwa ya kaunti ile ya zamani PGH, watu wa Eldoret wana Moi. Uliza siku ya kliniki ya ENT kabla hujapanda gari, maana wengine hutoka Siaya ama Vihiga saa kumi na moja asubuhi na kufika wanaambiwa warudi siku nyingine. Halafu omba ripoti iandikwe, upige picha, uiweke kwa simu. Na kama unakohoa damu, chakula kinakwama, kuna uvimbe shingoni, unakonda bila sababu ama sauti imeenda na umekuwa ukivuta sigara, usingoje hizo wiki tatu, enda kesho. Ukipumua kwa shida ama pumzi inapiga mluzi, hiyo ni emajensi ya leo hii.

Mimi waliniambia ni vinundu. Daktari alinieleza vizuri: nyuzi za sauti za mwanamke zinagongana karibu mara 200 kwa sekunde moja ukiongea, za mwanamume mia na kitu, sasa fikiria masaa sita ya kupiga kelele juu ya watoto sabini. Ni kama mkono wa mtu wa jembe, mahali panapogongwa panaota sugu. Na hiyo si ya kukatwa mbio mbio, kwa mtu mzima kinachojaribiwa kwanza ni tiba ya sauti, yaani kufunza nyuzi zigongane kwa upole, bila nguvu. Hapo ndio nilielewa kwa nini dawa zote zile hazikufanya kitu.

Walimu tuko wengi kwa hii shida. Kuna utafiti ulifanywa Marekani, majimbo ya Iowa na Utah, ukachapishwa 2004: karibu walimu 58 kwa kila 100 walisema wamewahi kuharibikiwa na sauti, wasio walimu walikuwa kama 29. Na ukijiuliza kama kutibiwa kwa video ni kitu ya maana, watafiti wa Hawaii walilinganisha hii maneno, wakachapisha 2003, waliotibiwa ana kwa ana na waliotibiwa kwa video, na hawakuona tofauti ya maana. Kwa hivyo si ati unachukua ile ya daraja la pili.

Kutafuta therapisti. Unataka mtu aliyesomea tiba ya usemi na lugha, na amewahi kushughulikia sauti za watu wazima, maana wengi kazi yao ni watoto waliochelewa kuongea. Muulize alisomea wapi, amesajiliwa na nani, watu wazima wa sauti amewaona wangapi. Mtaalamu wa kweli hakasiriki ukiuliza. Mwalimu wa kwaya ama kochi wa kuimba si therapisti, hata kama anaimba kama malaika. Akikubali kukuanza bila hata kuuliza ripoti ya ENT, mwache. Bei pia mkubaliane mapema, na mkubaliane itakuwaje stima ikipotea katikati ya kipindi.

Sasa simu yenyewe. Hapa ndio wengi wanaharibikia na ni vitu vidogo tu. Therapisti anafanya kazi na masikio, kwa hivyo sauti yako ikifika imekatwa katwa anatibu sauti ambayo si yako. Hizi programu za mikutano zina tabia ya kufuta kelele, na ukishika "aaaa" ndefu mashine inafikiria ni feni ama injini, inaizima. Kipindi cha kwanza therapisti aliniuliza mara tatu, "Mwalimu, mbona unaachia katikati?" na mimi nilikuwa naendelea mpaka pumzi ikaisha. Kama mko kwa Zoom ingia setingi za sauti utafute mahali pameandikwa Original Sound, washa. Sisi tulifanya hivyo na tofauti ikaonekana hapo hapo.

Tumia iyafoni za waya kama uko nazo. Simu usishike mkononi, iegemeze kwa kitu, mimi ilikuwa gunia ndogo ya mchele juu ya stuli, iwe mbali na mdomo karibu urefu wa rula moja, na aone shingo na mabega maana anaangalia venye unapumua. Chumba kizuri ni kile kina godoro, pazia na nguo nyingi, sebule yenye simiti tupu inarudisha sauti. Bando weka kati ya nusu gigi na gigi moja kwa saa ya video. Na panga kipindi cha asubuhi! Mvua yetu hapa hupenda kuja alasiri na jioni, na mabati yakianza hakuna therapisti duniani atakusikia.

Kabla ya kila kipindi mimi nilikuwa narekodi dakika moja na rekoda ya kawaida ya simu, nasoma ukurasa ule ule, namtumia kama faili. Voisinoti ya WhatsApp inabana sauti, inapoteza vile vitu vidogo anavyotafuta.

Kipindi cha kwanza ni maswali mengi. Unakunywa maji kiasi gani, unalala saa ngapi, kiungulia, dawa unazomeza, unaongea masaa mangapi. Kuna fomu unajaza, ya maswali 10 ama 30, kila swali unajipa kutoka 0 mpaka 4. Ijaze ukweli. Mimi nilifika kwa lile linalouliza kama sauti inakufanya uepuke watu na nikakaa kimya kidogo, maana nilikuwa nimeacha kuenda chama na sikuwa nimewahi kuambia mtu kwa nini. Halafu anakwambia ushike "aaaa" moja mpaka pumzi iishe. Mtu mzima mwenye sauti nzuri hufika sekunde 15 na zaidi. Mimi nilifika 6.

Zoezi langu kubwa lilikuwa mrija. Chukua glasi, weka maji nusu, chukua stro ya kawaida, ile pana ya soda si ile nyembamba ya pakiti ya juisi, hiyo ngumu ni ya baadaye. Ingiza ncha ndani ya maji karibu upana wa kidole. Funga midomo vizuri kwa stro, mashavu yalegee, mabega chini, sema "uuuu" kupitia stro. Mapovu yanatoka. Sasa yaangalie. Yakitoka kwa mshindo halafu yanakatika ujue unasukuma, yakitoka sawa sawa kama uji unaoanza kuchemka, hapo ndio unataka. Ziba pua na vidole, kama sauti inakatika ilikuwa inatokea puani, rudia. Ukishaweza "uuuu" moja, panda na ushuke kama king'ora cha ambulensi, polepole, bila kulazimisha kule juu. Dakika mbili tatu, mara nne tano kwa siku. Inasaidia kwa sababu maji yanarudisha pumzi nyuma kidogo, hiyo presha inashikilia nyuzi zisipigane kwa nguvu. Siku ya kwanza mapovu yangu yalikuwa yanakatika kila sekunde mbili. Wiki ya tatu kitinda mimba wangu akasimama mlangoni akihesabu kwa sauti, kumi na moja, kumi na mbili, na bado yanatoka.

Hayo mazoezi ya kila siku ndio tiba. Kile kipindi cha dakika 45 kwa wiki ni cha kurekebishwa tu. Mimi zilikuwa wiki nane, na ile wiki niliruka mazoezi kwa sababu ya mitihani therapisti aliisikia kabla sijamwambia.

Kitu kingine, kunong'ona si kupumzisha sauti. Najua wengi tunaishi ploti, jirani anasikia kila kitu, unaona aibu kufanya mazoezi unaamua kunong'ona, lakini kwa watu wengi kunong'ona kunakaza koo zaidi. Afadhali uvume na midomo imefungwa, "mmmm" ya chini, hiyo haivuki ukuta. Kusafisha koo kila saa pia acha, meza mate ama funda la maji. Na kujifukiza kwa sufuria ya maji moto wacha kama kuna watoto kwa nyumba, watu wanaungua.

Si kila sauti inatibiwa kwa mrija lakini. Shemeji yangu alifanyiwa opareshoni ya rovu na akaamka sauti ni hewa tupu, hiyo ni neva ya sauti inayopita nyuma ya tezi ya shingo iliguswa, therapisti na ENT wanamfuata pamoja. Mzee wa jirani ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, anaongea chini sana na anafikiria anaongea kawaida, anasema ni sisi tumekuwa viziwi. Yeye akafanyiwa ile inaitwa LSVT LOUD, siku nne kwa wiki, wiki nne, kila kipindi saa moja, pia kwa video, na kazi yote ni kuzoea kuongea kwa nguvu. Fikiria angekuwa amefuata mazoezi yangu ya kulegeza! Kwa hivyo usichukue ya mtu.

Mzee kama huyo lazima mtu mwingine akae karibu wiki ya kwanza, wa kushika simu na kuambia therapisti venye anaongea mezani. Kwake ilikuwa mjukuu.

Baada ya wiki nane nilirudi kwa kamera. Vinundu vilikuwa vimepungua, kimoja hakionekani, na "aaaa" yangu ikafika 14. Shuleni therapisti alinipa sheria: makofi matatu badala ya kuita, nitembee mpaka kwa mtoto ndio niongee naye, mvua ikianza ni kazi ya kuandika. Halafu nikanunua ile spika ndogo ya kufunga kiunoni yenye maiki ya kichwani. Naichaji kila usiku kando ya simu, na glasi na stro viko hapo hapo kwa dirisha.