Mashine za ofisi zilizotumika: kutetea leseni na bei yako forodhani

Nimetoka kumsaidia rafiki kulitoa kontena la mashine za fotokopi zilizotumika. Alikuwa na kesi mbili na forodha, ya leseni ya kuingiza mzigo na ya bei aliyotangaza, naye akazijibu kwa barua moja. Usifanye hivyo. Kosa la leseni lina adhabu yake, na halibadilishi hata senti ya bei uliyomlipa muuzaji. Andika barua mbili.

Hatua ya 1: Leseni

Uliza mapema. Nchi nyingi hudai kibali kwa kifaa kilichotumika hata kama kipya hakihitaji. Mkataba wa leseni wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) unataka maombi yanayoshughulikiwa kwa zamu yajibiwe ndani ya siku 30, na yanayopitiwa kwa pamoja ndani ya siku 60, kwa hiyo omba kabla mzigo haujapakiwa. Pia hakikisha kila mashine inawaka na matokeo ya jaribio yameandikwa. Tangu 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kudhibiti usafirishaji wa taka hatari, unadai ridhaa ya nchi inayopokea kwa taka zote za umeme, na mashine mbovu isiyo na karatasi za majaribio huhesabiwa taka kirahisi sana.

Hatua ya 2: Ankara

Kataa ankara inayosema "mashine mchanganyiko, zilizotumika". Mstari mmoja, mashine moja: modeli, namba iliyo kwenye kibati cha nyuma, mwaka wa kutengenezwa, idadi ya kurasa ilizokwisha kutoa, kasoro, bei.

Hatua ya 3: Tangaza mzigo forodhani

Wakala wako wa forodha anaijua kazi hii.

Hatua ya 4: Forodha wakiikataa bei

Hapa ndipo tulipopoteza jioni tatu. Bei ilikuwa imepandishwa karibu maradufu, nasi tukaandika kurasa kwa kurasa kueleza ugumu wa biashara. Hazikusaidia kitu, kwa sababu hatukujua tunajibu hoja gani.

Kwa hiyo, kabla ya neno lolote la utetezi, omba sababu kwa maandishi. Kama uamuzi haujatoka, forodha wakiwa bado na shaka baada ya maelezo yako wanapaswa kukwambia misingi ya shaka hiyo, kwa maandishi ukiomba, na kukupa nafasi ya kujibu. Uamuzi ukishatoka, Kifungu cha 16 cha Mkataba wa WTO wa Uthamini, unaoeleza jinsi forodha wanavyopaswa kupata thamani ya mzigo, kinakupa haki ya kuelezwa thamani ilipatikanaje.

Maelezo yalipokuja, tuliona bei zimechukuliwa kwenye soko la ndani la nchi ya muuzaji. Kifungu cha 7 cha mkataba huohuo kinakataza hilo waziwazi, kama kinavyokataza forodha kutumia kima cha chini cha thamani kilichopangwa. Orodha ya bei inaweza kumtia afisa shaka, lakini haiwezi kukaa mahali pa bei uliyolipa.

Wakikulinganisha na mzigo wa mtu mwingine, angalia kwanza kama kweli vinafanana. Bidhaa ya kulinganishwa iwe imetengenezwa nchi ileile na kusafirishwa karibu wakati uleule, na ubora wake uwe sawa. Fotokopi mbili za modeli moja, moja imetoa kurasa 80,000 na nyingine 900,000, haziwezi kuitwa bidhaa ileile. Kilichotuokoa ni karatasi ya kaunta, ile inayochapwa na mashine yenyewe ikionyesha jumla ya kurasa, pamoja na picha ya kibati. Ziandae kabla kontena halijafungwa. Mimi naziamini kuliko cheti cha mkaguzi kinachosema "hali nzuri" kwa mzigo mzima.

Tahadhari mbili. Kama wewe na muuzaji mna ubia wa biashara au undugu, jiandae kuonyesha kwamba haukuathiri bei. Na usifiche kamisheni: ya wakala wa muuzaji huongezwa kwenye thamani, ya wakala wako wa ununuzi haiongezwi. Ikigundulika umeficha, hata ushahidi wako mzuri hautasikilizwa.

Hatua ya 5: Toa mzigo, kisha endelea kubishana

Kifungu cha 13 cha Mkataba wa Uthamini kinaruhusu mzigo utoke kwa dhamana wakati thamani haijaamuliwa. Omba siku ileile unayopata barua ya shaka, kwa kuwa gharama ya kuhifadhi kontena bandarini haikungoji. Rufaa nayo haina adhabu, ila ina tarehe ya mwisho. Isome kwenye barua ya uamuzi kabla hujasoma kingine chochote.